Kifyatulio Chepesi

Loy anasema risasi ilimpasua mzee Imalingat nyongo. Anasema aliona kwa macho yake. Alikuwa ametoka kanisani kabla ya mahubiri kwisha kwa sababu mtoto wake alikuwa na homa, na alipofika pale njia inapokata kwenda bombani akasikia bunduki ikilia ta-ta-ta-ta-ta bila kupumua. Akachungulia kwenye ua wetu. Akamwona kaka yangu Bwire amesimama, amejifunika uso kama jambazi, bunduki mkononi, na ng'ambo ya ua mzee amelala kifudifudi kwenye karanga zake, manjano imemtapakaa kuanzia begani mpaka kiunoni.

"Damu haikutoka, labda tone tu kwenye paji la uso," Loy anasema. "Risasi za siku hizi zinapika damu ndani kwa ndani. Kinachotoka ni nyongo."

Hayo anayasema bombani, tunapopanga madumu, na foleni ikiwa ndefu habari nayo inarefuka. Kuna siku aliongeza kwamba Bwire alicheka. Siku nyingine akatokea mtu wa pili, Mkenya, aliyeruka ua na kukimbilia upande wa Malaba. Watu wanauliza, yeye anajibu huku anasukuma dumu lake mbele kwa mguu. Mimi nikifika kutoka hospitali wananyamaza, halafu mmoja ananiuliza mgonjwa ameamkaje.

Simwiti jirani yetu Loy mwongo. Rangi ya manjano ilikuwepo. Sauti ilikuwepo. Bwire alikuwa amefunika uso na mzee alikuwa chini. Mtu akiyachukua hayo na kuyapanga mstari mmoja, bila kujua kilichokuwa katikati, atafika palepale alipofika Loy. Mimi nataka kuweka hicho cha katikati, kwa sababu kukosekana kwake ndiko kunakomshikilia kaka yangu polisi.

Bwire na mimi ni tumbo moja. Wazazi wetu wanalima huko Lunyo, na sisi wawili tumepanga chumba nje ya mji wa Busia, upande wa Uganda, kwenye barabara ya kwenda Buteba. Mimi navusha nyanya na ndizi kupeleka upande wa Kenya. Bwire alikuwa fundi wa pikipiki, kisha akapata kazi Tororo, kwenye uwanja wa kuchezea vita vya rangi.

Mwenye uwanja ni Mkenya, anaitwa Jared. Alichukua shamba lenye vichaka, mahali ambapo ukiinua macho unauona ule mwamba wa Tororo, akatupa matairi na mapipa ya kujifichia, akaandika bango. Watu wa ofisini wanakuja hapo Jumamosi. Wanavaa ovaroli na barakoa ngumu ya plastiki inayofunika macho mpaka kidevu, wanapewa bunduki zinazotema vidonge vya rangi, vya mviringo, laini kama vidonge vya dawa. Kidonge kikikupasukia unahesabiwa umekufa, unakwenda pembeni kunywa soda. Bwire aliponisimulia mara ya kwanza nilimuuliza kama watu hao wanalipwa au wanalipa. Alicheka mpaka akakaa chini.

Shida ilikuwa kifyatulio, kile kidude cha kuvuta kwa kidole. Bunduki za Jared zilikuja zimeshatumika kwingine, na vifyatulio vyake vilikuwa vizito. Wanaume walivumilia kwa sababu ya kiburi. Wanawake walilalamika kwamba vidole vinauma kabla hata hawajamchafua bosi wao. Kuna mmoja wa benki, Maurine, alibwaga yake kwenye nyasi akasema bora angekuja na manati. Jared akawaambia vijana wake kwamba atakayeweza kuvilegeza vifyatulio hivyo ndiye atakayekabidhiwa stoo, na vifaa vyote, na kazi ya kudumu. Bwire akasema hiyo kazi ni yake.

Lakini tupa zake za kunolea chuma na jiliwa lake la kubania viko nyumbani. Akamwambia Jared anaondoka na moja akaiangalie. Jared alikuwa kwenye simu, akapunga mkono tu. Hivyo ndivyo Bwire alivyoileta, ndani ya gunia, na mihogo juu.

Niliitoa mihogo nikakiona kilichokuwa chini. Kwa macho yangu ilikuwa bunduki, si kingine. Ilikuwa nyeusi, ina kitako, ina mdomo.

"Umepita na hii barabarani kote?"

"Iliyopita ni mihogo," akasema.

"Na pale kwenye kizuizi cha polisi?"

"Walichukua muhogo mmoja."

Nilimwomba airudishe kesho yake. Akaniambia itarudi ikishapona.

Aliifungua mchana, mlango umeegeshwa na pazia limeshushwa. Alizipanga sehemu zake kwenye sinia kwa utaratibu aliokuwa akipangia kabureta, cha kwanza kutoka kikiwa cha mwisho kurudi. Mimi nilikaa karibu na pazia nikichambua mchele, macho yangu yako nje. Kila hatua ya mtu njiani niliihesabu ni ya kuja kwetu.

Ndani ya ile bunduki hamkuwa na mambo mengi. Bwire alinieleza kwa mlango wetu na komeo. Kuna nyundo ndogo inayotaka kwenda mbele, na kuna chuma kama ndoano kinachoizuia. Ukivuta kifyatulio ndoano inaachia, nyundo inakwenda, hewa ya kwenye chupa inasukuma kidonge nje, na hewa hiyohiyo inairudisha nyundo nyuma ili ndoano iikamate tena. Ukivuta mara moja kinatoka kimoja. Akasema uzito wote uko kwenye springi, na kwenye ukingo wa ile ndoano unaoshikana na nyundo kupita kiasi.

Springi aliitoa, akaweka ya kalamu ya biki. Ndoano akaibana kwenye jiliwa akaanza kuipiga tupa. Anapiga kidogo, anairudisha ndani, anavuta, anasikiliza kwa sikio, anaitoa tena. Ile sauti ya tupa ilinikwangua meno. Kila alipojaribu nilisikia mlio wa kuachia ukiwa mdogo kuliko wa mwanzo.

"Imetosha," nikamwambia.

"Bado. Kidole cha Maurine ni kama cha mtoto."

"Kidole chake ulikishika lini?"

Akaendelea kupiga tupa, lakini masikio yake yalisimulia.

Hapo ndipo Loy alipoingia kuomba chumvi. Alipiga hodi akiwa ameshafika ndani, kama kawaida yake. Bwire akatupa taulo juu ya sinia. Nikamfungia Loy chumvi kwenye karatasi, na wakati huo wote yeye alikuwa analitazama taulo. Mdomo wa bunduki ulikuwa umetokeza kidogo upande wa ukutani. Sijui kama aliuona. Alituaga vizuri, akasema Mungu atubariki, na mimi usiku ule sikulala.

Kujaribu bila hewa ni kusikiliza tu. Ili ajue kama imepona ilibidi aweke ile chupa ndogo ya hewa na vidonge, apige kweli. Siku za kazi mtaa wetu umejaa watoto. Tukasubiri Jumapili. Jumapili saa ya ibada Waanglikana wanapanda juu, Wakatoliki wanashuka, walokole wanakwenda kwenye vipaza sauti vyao, na mtaani wanabaki kuku. Nilisimama njiani nikawatazama wote wakitoka. Niliwasalimia mmoja mmoja, na wengine waliniuliza mbona mimi siendi, nikasema kichwa.

Kosa letu lilikuwa hapo. Mzee Imalingat ni Msabato.

Yeye ni jirani yetu wa nyuma, ua wa matete tu unatutenganisha. Anaishi peke yake. Ni Mteso, lakini si wa hawa Wateso wa Buteba hapa, alishuka kutoka juu, upande wa Ngora, miaka ya vita vya waasi, na hakurudi. Ni mtu wa maneno machache na mgongo ulionyooka, anayevaa koti hata kwenye joto. Watu wanamheshimu na kumwogopa kidogo. Mtaa mzima unajua kwamba mwaka mpya, fataki zikianza upande wa Kenya, mzee anafunga mlango na hatoki mpaka jua liwake, ila hakuna anayelisema mbele yake. Jumamosi anavaa tai na kwenda kusali. Jumapili ni siku yake ya jembe. Tunalijua hilo sote, tumeliona miaka yote, na siku ile tuliyohesabu makanisa hatukuhesabu la kwake kwa sababu lake lilikuwa limeshapita.

Bwire alivaa ile barakoa, maana uwanjani ni sheria, hakuna kupiga bila barakoa. Alitundika karai bovu kwenye mfenesi. Mimi nilikaa kwenye kona ya ua, mahali ninapoona njia na ninapoona nyuma pia kupitia matete.

Alivuta mara ya kwanza. Pa. Karai likapata doa la manjano. Akavuta tena. Pa. Akageuka kunitazama, na ingawa sikuuona uso wake nilijua anacheka, kwa mabega. Akanionyesha kidole chake, jinsi kilivyogusa tu.

Akavuta ya tatu na bunduki haikunyamaza.

Alitoa kidole. Nilikiona kidole kimenyooka, hakigusi kitu, na bunduki inaendelea kutema yenyewe, ta-ta-ta-ta-ta, kama cherehani iliyoshikwa na wazimu. Iliruka mikononi mwake, mdomo ukapanda juu, na vidonge vikapita juu ya karai, juu ya mfenesi, juu ya ua. Baadaye Bwire aliniambia hewa kwenye chupa ilikuwa imebaki kidogo. Nyundo ilikuwa inarudi nusu, na ule ukingo alioupiga tupa haukuwa na pa kuishika. Mara ikakohoa, ikanyamaza.

Lakini kabla haijanyamaza mimi nilikuwa nimeshageukia matete. Nilimwona mzee Imalingat. Alikuwa amesimama katikati ya karanga, jembe mkononi, na mlio ulipoanza alilitupa jembe na kulala. Hakuanguka. Alilala, mikono juu ya kichwa, kama mtu anayejua jinsi ya kulala. Paji la uso wake likafikia kwenye lile jiwe analonolea jembe. Vidonge vilifika baada yake. Vilipasukia kwenye migomba iliyo juu yake, na rangi ikadondoka kutoka kwenye majani ikamwangukia kwenye koti.

Hicho ndicho cha katikati. Nilikiona mimi, na mimi ni dada wa Bwire.

Bwire hakukimbia. Aliruka ua na barakoa yake usoni na bunduki bado mkononi, maana hakukumbuka kuviacha, na kabla hajaruka ndipo Loy alipochungulia. Tulimgeuza mzee. Jicho moja lilikuwa limefunguka na halioni. Nilimpangusa, nikamfunga leso kichwani. Watu walianza kujaa. Mwenyekiti wa kijiji, Eriya, alifika akiwa bado na Biblia, akaichukua bunduki kwa ncha za vidole, akaifunga kwenye pazia letu, akapiga simu. Gari lililompeleka mzee hospitali kubwa ya Tororo na gari lililomchukua Bwire yalipishana pale penye bomba.

Afande aliyepewa kesi anaitwa Ebong, mtu mpole, anayesikiliza mpaka mwisho. Nilimweleza yote kama nilivyoyaeleza hapa. Akaniuliza mwingine aliyeona ni nani. Nikasema ni mzee mwenyewe. Akasema basi tutamngoja mzee, kwa sababu wewe, dada, huyo ni damu yako, na jirani yenu anasema mengine.

Jared alizima simu. Kisha akaja, akawaonyesha polisi bunduki zake nyingine na chupa zake za hewa, akajipigia mguuni pale kituoni mpaka suruali ikawa manjano. Ile ya bunduki wakaielewa. Wakasema hii si silaha ya kuua. Lakini mtu mzima alikuwa kitandani hazungumzi, na Loy alikuwa ameshaandikisha kwamba Bwire alilenga. Mzee akifa ni jambo moja. Akiamka akasema alilengwa, ni jambo la pili. Akiamka akasema alilala mwenyewe, Bwire atarudi nyumbani. Afande Ebong alinihesabia hayo kwa vidole vitatu, polepole, na nikarudi nyumbani nikiviona hivyo vidole.

Hospitali huwezi kulala bila mtu wako. Lazima awepo wa kukupikia uji, kukugeuza, kukufulia, kukimbilia dawa. Mzee hakuwa na mtu hapa, na binti yake alikuwa mbali, upande wa Soroti, simu yake haipatikani. Mwenyekiti Eriya akaamua kama wanavyoamua wazee wetu: nyumba ambayo madhara yametokea ndiyo inayomwangalia aliyeumia, mpaka ndugu zake wafike. Nikafunga blanketi, sufuria na kikombe, nikaacha biashara ya nyanya.

Loy akapata jingine la kusema. Asiye na hatia, alisema, hawezi kumuosha mtu asiye wake. Lakini nisingekwenda angesema, mmeona, wanangoja afe.

Nililala kwenye mkeka chini ya kitanda cha mzee. Nilijifunza pumzi zake. Ikikawia moja, na mimi nazuia yangu. Mara nyingi niliinuka na kuweka kiganja mbele ya pua yake, na wagonjwa wengine wakanicheka, wakasema huyu binti anampenda baba yake. Sikuwasahihisha.

Siku ile ya kwanza nilipombadilisha nguo nilikuta suruali yake imelowa, na haikuwa rangi. Niliifua peke yake, mbali na koti, nikaianika nyuma ambako hawapiti watu. Sikumwambia mtu. Nilipokwenda kumpelekea Bwire chakula kituoni aliniuliza swali lilelile analoniuliza kila mara, mzee amesema nini, nikasema bado. Kuhusu suruali sikumwambia hata yeye.

Mzee aliamka asubuhi, nikimkamulia kitambaa. Alinitazama kwa muda mrefu.

"Yoga," akasema, ile salamu ya Wateso.

Nikaitikia. Kitambaa kikanidondoka.

"Karanga zimeng'olewa?"

"Bado, mzee. Ziko shambani."

"Zitaota humohumo ardhini," akasema, akafumba macho.

Kwa hiyo anakumbuka karanga. Siku zilizofuata akakumbuka kuku wake, jina la mchungaji, nani amekopa jembe lake la pili. Alikula. Alikaa. Akaniuliza baba yetu wa Lunyo bado anafuga nyuki. La Jumapili halikumtoka mdomoni, na mimi nilimpa nafasi. Nilijifanya napanga vikombe, nikangoja. Hakuuliza hata Bwire yuko wapi. Asiyejua angeuliza.

Kisha Akurut akafika, binti yake, naye mama mwenye watoto, mrefu kama baba. Alipoambiwa mimi ni nani alinitoa wodini mbele ya watu.

"Kaka yako anapiga, wewe unakuja kunusa kama amekufa?"

Nilimwambia naondoka, ila mzee anakunywa uji wa mtama usio na sukari, na upande wa kushoto asilazwe. Nikakaa nje kwenye veranda. Jioni alikuja mwenyewe, akasimama juu yangu, akasema baba amekataa uji wake, ingia. Toka hapo tukafanya kazi pamoja, yeye mchana, mimi alfajiri, bila kupendana. Siku moja aliniuliza suruali ya baba mbona ilikuwa imeshafuliwa wakati koti limeachwa na rangi. Nikasema ilikuwa na udongo. Mzee alikuwa macho. Alisikia.

Sabato ilipofika wodi ilijaa watu wa kanisa lake. Walileta maziwa na kuku aliyechemshwa. Mchungaji akamshukuru Mungu kwa mtumishi wake aliyepigwa risasi na mauti yakamkataa. Wanaume ambao mtaani humpita kwa salamu ya mbali walikuja mpaka kitandani, na mmoja akaomba kugusa bandeji. Akurut aliwasimulia. Hakuwepo, lakini alisimulia vizuri: baba alisimama, bunduki ikamfuata, baba hakukimbia. "Huyu hajui kukimbia," akasema, akimshika bega. "Hata kule juu, wakati wa waasi, hakukimbia."

Nilikuwa naosha vikombe pembeni nikimtazama mzee. Watu walisema amina. Yeye aliangalia dari. Mkono wake chini ya shuka ulikuwa unavuta uzi, anauvuta, anauzungusha kwenye kidole, anauvuta, mpaka pindo la shuka likaanza kufumuka.

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilikuwa nimeomba aamke. Sikuwa nimefikiri kwamba akiamka, ukweli utamgharimu. Akisema alipigwa, yeye ni mtu aliyepigwa risasi na kusimama. Akisema alilala mwenyewe, ni mzee aliyejitupa chini kwa mlio wa bunduki ya kuchezea, ile wanayochezea mabinti wa benki, akajiumiza kwa jiwe lake mwenyewe. Bombani Loy angelipata neno la mwaka mzima. Watoto wangempigia midomo ta-ta-ta akipita na koti lake.

Afande Ebong alipiga simu jana kusema leo atakuja kuchukua maneno ya mzee, baada ya daktari kupita. Sikumwambia Bwire. Uji nilioupika asubuhi ulishika chini ya sufuria, jambo ambalo halijanipata tangu nikiwa mtoto, nikapika mwingine.

Daktari alipita. Akurut akachukua beseni kwenda kufua. Nilijua sina muda mrefu. Nilimwinua mzee, nikamwekea mto mgongoni, nikakaa kwenye ukingo wa kitanda, mahali ambapo sijawahi kukaa, na nikasema kwa sauti ya chini ili wa kitanda cha pili asisikie.

"Mzee, afande yuko njiani. Bwire hajatoka tangu siku ile."

Akanitazama. Macho yote mawili yalikuwa yananiona vizuri.

"Nilikuwa kwenye ua. Nilikuona. Ulilala kabla rangi haijafika."

Mkono wake ukarudi kwenye pindo la shuka.

"Sijamwambia mtu kwa nini ulilala, na sitamwambia. Hata ile suruali, mimi nilikuta udongo, basi. Hata wewe sikuombi useme kwa nini. Mtu analala kwa sababu zake." Nikamrekebishia mto. "Sema tu ulilala. Sema Bwire hakukulenga. Neno moja hilo, mzee wangu, yanayobaki yawe yako."

Shavu lake lilicheza kidogo, kama mtu anayetafuna kitu kilichobaki jinoni. Alifungua mdomo. Niliinama karibu ili nisikose. Pumzi ilitoka, na pumzi ikarudi, na neno sikulisikia.

Mlangoni Akurut alikuwa anarudi na beseni tupu ubavuni, anazungumza na mtu aliye nyuma yake, anamwambia baba leo ana nguvu, atakueleza kila kitu. Afande Ebong alikuwa amevua kofia. Alitusalimia wote, kitanda kwa kitanda, kama ilivyo adabu, kisha akavuta stuli.

"Mzee Imalingat," akasema, "pole sana. Tuanze na ile Jumapili."

Mzee akanyoosha mkono kwangu. Nilidhani anataka kikombe cha uji, nikampa. Hakukichukua, akanishika mkono ule mwingine. Nikabaki nimekishika, na moto wake unanichoma vidole, nikimtazama mdomo.